Mfano, fumbo na ufunguo wake: Historia fupi ya kufundisha imani kwa mifano

Utangulizi

Mwalimu anayetaka kufundisha jambo lisiloonekana kwa macho ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kulitaja jambo hilo kwa jina lake, kulieleza sehemu baada ya sehemu, kisha kumtaka mwanafunzi alikariri. Ya pili ni kusimulia habari ya mkulima aliyetoka na mbegu zake, au ya mama anayefagia nyumba akitafuta sarafu moja iliyopotea, kisha kunyamaza. Njia ya kwanza humpa mwanafunzi jibu. Njia ya pili humpa kazi.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama njia hiyo ya pili, yaani mafundisho ya imani kwa mifano, jinsi yalivyopokelewa na kutumiwa katika lugha ya Kiswahili, na hasa katika nchi yetu ya Kongo. Hatukusudii kuandika mahubiri, wala kupima dini moja kwa kipimo cha nyingine. Swali letu ni la kihistoria: mfano ukisha kutolewa, maana yake ni mali ya nani? Je, ni mali ya anayesimulia, ya anayesikia, au ya kundi linalodai kuushika ufunguo? Tutaona kwamba swali hili liliulizwa katika Injili, katika Qur'ani, katika misitu ya Walega na katika kambi za wafanyakazi wa migodi, na kwamba majibu yake yaligusa mamlaka ya watu walio hai.

1. Maneno yenyewe

Kabla ya kuingia katika historia, hatuna budi kuyatazama maneno. Neno mfano latokana na kitenzi -fana, ambacho katika maana yake ya zamani ni kuwa sawa na kitu kingine. Ndicho kilichozaa -fanana. Neno mithali, au methali, limetoka katika Kiarabu mathal, ambalo nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania mashal. Hata usemi wetu wa kupiga mfano unalingana na ule wa Kiarabu, ambamo mathal "hupigwa" vilevile.

Wayahudi wa kale walilitumia neno mashal kwa mambo mengi: methali fupi ya wenye hekima, kitendawili, maneno ya dhihaka, na hadithi yenye mafundisho. Waliotafsiri Maandiko ya Kiebrania kwa Kigiriki, karne chache kabla ya Kristo, mara nyingi walichagua neno parabole, maana yake kitu kilichowekwa kando ya kingine ili vipate kulinganishwa. Kwa hiyo Yesu alipofundisha kwa mifano hakubuni mtindo mpya; alirithi desturi iliyokuwa na umri mkubwa katika taifa lake.

Kando ya mfano na mithali, Kiswahili kina neno fumbo. Hili ni mtoto wa kitenzi kufumba, yaani kufunga, kama mtu afumbavyo macho au mkono. Na kinyume chake ni kufumbua. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Mfano huleta mwanga kwa kulinganisha. Fumbo huficha hadi apatikane wa kulifumbua. Neno la Kiebrania lilibeba maana zote mbili kwa pamoja, lakini mtafsiri wa Kiswahili alilazimika kuchagua. Katika Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, Injili za Mathayo, Marko na Luka zina mifano. Katika Injili ya Yohana, ambako Kigiriki chenyewe kinatumia neno jingine, yaani paroimia, watafsiri waliandika mithali. Katika Zaburi ya 78 mithali na mafumbo yamewekwa jirani katika aya moja.

Aidha, Kanisa Katoliki lilipotafuta neno la Kiswahili kwa lile la Kilatini mysterium, lilichukua hilo hilo fumbo. Ndiyo maana Wakristo husema fumbo la imani, au Fumbo la Utatu Mtakatifu. Neno lililotumika barazani kwa maneno ya kufichana limepanda altareni. Lakini halikuacha tabia yake ya zamani: palipo na fumbo, watu hungoja kujua ni nani awezaye kulifumbua.

2. Mpanzi na wafasiri wake

Nguvu ya mfano inaonekana wazi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi amemtwaa mke wa Uria, kisha amefanya hila Uria akafa vitani. Nabii Nathani hamwendei mfalme na mashtaka. Anamsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee ili amkaribishe mgeni. Mfalme anakasirika, anatoa hukumu. Ndipo nabii anapomjulisha kwamba amejihukumu mwenyewe. Mashtaka ya wazi yangekuta mlango umefungwa. Mfano ulipita, kwa sababu msikilizaji mwenyewe ndiye aliyeufungulia.

Katika Injili, mfano unaofaa zaidi kwa uchunguzi wetu ni ule wa mpanzi, unaopatikana katika Marko 4, Mathayo 13 na Luka 8. Mbegu zinaanguka njiani, penye mwamba, penye miiba na penye udongo mzuri. Upekee wake ni kwamba unatolewa mara mbili: kwanza kama hadithi mbele ya umati, kisha kama maelezo kwa wanafunzi faraghani. Kati ya sehemu hizo mbili yamo maneno magumu, yanayotenganisha waliopewa siri ya Ufalme na wale walio nje, ambao kwao kila jambo huja kwa mifano, ili watazame wasione, wasikie wasielewe. Maneno hayo, yanayotoka kwa nabii Isaya, yamewasumbua wafasiri tangu mwanzo. Mathayo mwenyewe anayalainisha: pale ambapo Marko anasema mifano hutolewa "ili" wasione, Mathayo anasema hutolewa "kwa sababu" hawaoni. Tofauti ni ya kiunganishi kimoja tu, lakini ndani yake mna elimu mbili za kufundisha. Kwa mmoja, mfano unafunga. Kwa mwingine, mfano ni huruma kwa macho yaliyokwisha kufungwa.

Baadaye Kanisa lilikuza ufundi wa kufungua kila kipande cha mfano. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354-430), aliueleza mfano wa Msamaria mwema kwa namna hii: mtu aliyepigwa ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ni mtume Paulo. Ufafanuzi huo ni mzuri kwa namna yake, lakini swali la mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani karibu linapotea humo. Msikilizaji hawezi tena kufika kwenye maana kwa miguu yake. Hana budi kuongozwa na mwenye ujuzi.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu Mjerumani Adolf Jülicher aliupinga mtindo huo. Alishikilia kwamba mfano wa Yesu una jambo moja kuu la kufundisha, na kwamba kufananisha kila kipande na kitu chake ni kuuvunja. Baada yake, C. H. Dodd mwaka 1935 na Joachim Jeremias mwaka 1947 walijaribu kuirudisha mifano katika mazingira ya Palestina ilimotolewa. Wataalamu wengi waliofuata njia hiyo waliona kwamba maelezo ya mfano wa mpanzi ni mafundisho ya jumuiya ya kwanza ya Wakristo. Tukikubaliana nao, basi kazi ya kuwafafanulia wasikilizaji mfano ilianza ndani ya Injili zenyewe, kabla ya kizazi cha pili cha waamini kupita.

3. Mithali za Qur'ani na mwalimu wa chuo

Kiswahili hakikuingia Kongo pamoja na Wakristo. Kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Unguja, ambao katika Manyema walijenga vituo vya Nyangwe na Kasongo. Pamoja nao ulikuja Uislamu, nao pia ni dini yenye kufundisha kwa mifano. Qur'ani inalifananisha neno jema na mti mwema wenye mizizi imara na matawi yaliyo juu (sura ya 14). Inazifananisha tegemeo za wanaomwacha Mwenyezi Mungu na nyumba ya buibui (sura ya 29). Inaifananisha mali itolewayo kwa njia ya Mungu na punje moja iliyotoa masuke saba, kila suke lina punje mia (sura ya 2). Msomaji wa Injili atakumbuka mara moja mavuno ya thelathini, sitini na mia ya yule mpanzi.

La muhimu zaidi kwetu ni kwamba Qur'ani nayo inazungumzia nani aelewaye. Katika sura hiyo hiyo ya buibui inaelezwa kwamba mifano hii hupigiwa watu, lakini hawaizingatii ila wenye elimu. Ni sauti inayokaribiana na ile ya Marko, ingawa mpaka wake umechorwa mahali tofauti: hautengi wa ndani na wa nje, bali mwenye elimu na asiyekuwa nayo.

Katika maisha ya kila siku ya vyuo vya Qur'ani, mpaka huo ulikuwa pia mpaka wa lugha. Mtoto alikariri kwa Kiarabu. Maana aliipata kwa Kiswahili kutoka kinywani mwa mwalimu, kadiri mwalimu alivyoona inafaa. Tafsiri kamili ya kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili ilifanywa na mmisionari Mwanglikana, Godfrey Dale, mwaka 1923. Ikafuata ile ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya mwaka 1953, kisha ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969, aliyekusudia kuwapa Waislamu wa Sunni tafsiri yao wenyewe. Mashindano hayo yanatuonyesha kwamba kutafsiri mfano si kazi ya kamusi pekee. Anayetafsiri anatoa nakala ya ufunguo, na wenye nyumba hutaka kujua ni nani aliyeichonga.

4. Bwami: mfano unaoshikwa mkononi

Tukitoka Kasongo kuelekea kaskazini-mashariki tunaingia katika nchi ya Walega, wanaokaa Pangi katika Manyema, na Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini. Watu hawa walikuwa na chuo chao cha hekima kabla ya padri na kabla ya mwalimu wa Qur'ani. Chuo hicho ni Bwami. Kilikuwa na ngazi nyingi, na ya juu kabisa iliitwa kindi. Mtu hakuipanda ngazi kwa mali peke yake; ilimpasa awe na tabia njema, awe na msaada wa ndugu zake, na mkewe aingizwe pamoja naye. Mafundisho yake yalihusu uadilifu, upole, heshima kwa wakubwa, na namna ya kukikabili kifo.

Chombo cha mafundisho kilikuwa mfano. Daniel Biebuyck, ambaye uchunguzi wake ulitolewa mwaka 1973 katika kitabu Lega Culture, alieleza jinsi methali, wimbo, mchezo na kitu vilivyokwenda pamoja. Kitu hicho kiliweza kuwa sanamu ya pembe ya ndovu au ya mti, au kitu cha porini kama gamba la kakakuona au mdomo wa ndege. Sanamu mojawapo, Sakimatwematwe, ina nyuso nyingi zinazotazama pande mbalimbali, nayo ilihusishwa na hekima ya mtu anayeona kila upande. Lakini sanamu haikuwa na maana moja iliyokwama. Methali iliyoimbwa na tendo lililochezwa ndivyo vilivyoamua inafundisha nini siku hiyo, na kitu kilekile kiliweza kubeba fundisho jingine katika ibada nyingine.

Bwami pia kilikuwa na wa ndani na wa nje. Vitu vingi havikuonyeshwa hadharani, na anayeingizwa aliongozwa hatua kwa hatua. Serikali ya kikoloni, iliyotilia shaka kila kikundi kisichokuwa chini ya macho yake, ilikipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Vitu vingi vya Bwami vilikwisha kutoka mikononi mwa wenyewe, na vingine vikafuata, vikaingia katika makumbusho ya Ulaya, yakiwemo yale ya Tervuren nchini Ubelgiji. Mtazamaji anaviona nyuma ya kioo, anasifu uzuri wake, na kusoma kibandiko. Huo ndio mfano usio na sauti: umbo limebaki, methali imeondoka. Hatujui njia bora ya kueleza hasara inayopatikana pale mafundisho yanapotenganishwa na wanaoyafundisha.

5. Mapadri Weupe na mpanzi katika mashamba yetu

Mapadri Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walichukua kituo cha Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1893 walianzisha Baudouinville huko Kirungu. Walifundisha kwa Kiswahili. Lavigerie aliwaagiza wasiharakishe ubatizo: mwanafunzi alitakiwa kukaa miaka minne, kwanza kama mwombaji, kisha kama mkatekumeni. Katika agizo hilo alifuata desturi ya Kanisa la kale ya kutowafunulia wasiobatizwa mafumbo makuu ya imani mpaka wawe tayari. Kwa hiyo misioni nayo ilikuwa na ngazi zake, milango yake na siri zake. Wazee walioziona ngazi za Bwami au za vyama vingine vya kienyeji hawakukosa kulitambua jambo hilo, hata kama mapadri wenyewe hawakupenda kulinganishwa.

Hata hivyo, chombo kikuu cha kila siku hakikuwa mfano bali katekisimu: swali, jibu, kukariri. Mbinu hii ilikuwa na faida zake. Iliwawezesha makatekista wengi, waliopata shule kidogo tu, kufundisha jambo lilelile katika vijiji vilivyo mbali. Iliandaa pia njia ya seminari iliyomtoa Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati za sasa, aliyepadirishwa mwaka 1917. Lakini katika katekisimu swali na jibu vyote viwili vilitoka kwa mwalimu. Mfano ulipotajwa, ulitajwa kama picha ya kupamba jibu lililokwisha kutolewa.

Na picha yenyewe ilikuwa na matatizo yake mashambani. Mihogo, chakula cha kila siku katika sehemu nyingi za Kongo, haipandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya shina. Mahindi hutiwa punje chache katika shimo lililochimbwa kwa jembe. Kwa mkulima wa namna hiyo, mtu anayerusha mbegu njiani na penye miiba si mfano wa Mungu mkarimu. Ni mtu asiyejua kazi yake. Lakini katika nyika za miombo, kwa Wabemba na majirani zao wa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia, hali ni nyingine. Huko matawi hukatwa, hurundikwa na kuchomwa, na ulezi hurushwa kwa mkono juu ya majivu. Mkulima huyo anaijua ishara ile ya mkono. Anajua pia kwamba mbegu nyingine zitaangukia nje ya majivu, wala hasikitiki, kwa maana punje moja ndogo ya ulezi huzaa punje nyingi mno.

Hapo tunaona wazi kwamba msikilizaji hapokei mfano mikono mitupu. Huupokea na jembe lake, na shamba lake, na miaka yake ya njaa na ya shibe. Mkulima wa ulezi angeweza kumfundisha mhubiri jambo ambalo mhubiri hakulisoma seminarini. Lakini katika mfumo wa swali na jibu mkulima huyo hakuwa na zamu ya kusema.

6. Jamaa: msikilizaji anapopewa zamu

Zamu hiyo ilikuja kwa njia isiyotazamiwa, si mashambani bali katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Padri Mfransisko Placide Tempels, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933, alijulikana kwanza kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945 na kuzua mabishano ambayo hayajaisha. Katika miaka ya 1950, alipokuwa Kolwezi, alianza na wafanyakazi na wake zao mwendo ulioitwa Jamaa. Katika kijitabu chake Notre rencontre cha mwaka 1962, alieleza jinsi alivyoacha kuwa mwenye kujibu akaanza kuuliza watu wanataka nini maishani. Walichomjibu ni kwamba wanataka uzima, wanataka kuzaa, wanataka kupendana. Kutokana na majibu hayo yalipatikana maneno matatu ya msingi ya Jamaa: uzima, uzazi na mapendo.

Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, ambaye alitoa kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971 na ambaye pia alifundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, alionyesha jinsi mafundisho haya yalivyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga. Mume na mke waliokwisha kukomaa waliwalea wengine, nao wakaitwa baba na mama. Habari za Adamu na Hawa, za Yesu na Bikira Maria, hazikusomwa kama mambo ya kale tu; zilikuwa kielelezo cha umoja ambao kila mume na mke waliitwa kuuishi. Kwa maneno mengine, maisha ya nyumba ya mfanyakazi wa mgodi yalifanywa kuwa mfano, na mfano huo ulifasiriwa na wenye nyumba wenyewe.

Ni rahisi kuelewa kwa nini jambo hili liliwavuta watu wengi. Mtu aliyehamia mjini kutoka Kasai au kutoka vijiji vya Waluba, aliyeitwa kwa namba kazini na kwa jina la ubatizo kanisani, alikuta mahali ambapo maneno yake yalikuwa na uzito. Ni rahisi pia kuelewa kwa nini viongozi wa Kanisa waliingiwa na wasiwasi. Jamaa nayo ilikuwa na hatua zake na mambo yake yasiyosemwa mbele ya kila mtu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 bila kurudi, akafariki mwaka 1977. Vikundi vingine vilijitenga na kufuata mafundisho ambayo maaskofu waliyakataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu walichukua hatua za nidhamu dhidi ya mwendo huo. Ugomvi ulihusu mafundisho, ndiyo. Lakini ulihusu pia ufunguo. Je, mlei asiyesoma teolojia ana haki ya kufumbua? Na akifumbua vibaya, ni nani atakayemwonya bila kumnyamazisha?

Hitimisho

Tumepita katika nyumba nne: ya Injili, ya Qur'ani, ya Bwami, na ya misioni pamoja na mtoto wake Jamaa. Katika kila nyumba tumekuta mfano, na kando ya mfano tumekuta mlango. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba siri ni hila ya wakubwa tu, na kwamba dawa yake ni kueleza kila kitu kwa kila mtu mara moja. Sisi hatuoni hivyo. Historia hii inatufundisha kutofautisha aina mbili za kufunga.

Kuna kufunga kwa ajili ya muda. Mwanafunzi wa Bwami aliyengojea ngazi yake, na mkatekumeni wa Mpala aliyengojea ubatizo wake, waliwekwa nje ili wapate kukomaa, na walitazamiwa kuingia siku moja. Kufunga huku ni sehemu ya malezi, kwa sababu jambo la rohoni likipokelewa kabla ya wakati hubaki maneno matupu. Lakini kuna kufunga kwa ajili ya mamlaka. Hapo msikilizaji hatazamiwi kuingia kamwe. Anapewa jibu alikariri, ili asije akaupata ufunguo. Alama ya kuzitambua aina hizi ni moja: je, anayesikia anaruhusiwa kuuliza?

Turudi kwa Marko kwa mara ya mwisho. Umati ulipokwisha kuondoka, maelezo ya mpanzi walipewa wale Kumi na Wawili pamoja na watu wengine waliokuwa karibu na Yesu, na walipewa kwa sababu waliuliza. Injili haisemi kwamba walikuwa werevu kuliko umati. Hata wanakemewa kwa kutokuelewa. Walio nje ni wale waliosikia hadithi, wakaridhika, wakaenda zao. Kwa hiyo, hata katika maneno yale magumu, mpaka kati ya ndani na nje haukuwekwa na ukoo, wala elimu, wala cheo. Uliwekwa na swali.

Fundisho hili linatuhusu sisi wa chuo kikuu kwa namna mbili. Kwanza, kama walimu: tunapofundisha fasihi simulizi, tusiharakishe kuandika maana ya ngano ubaoni kabla wanafunzi hawajaisumbukia. Pili, kama watafiti: mifano inayotolewa na makatekista, wachungaji, walimu wa Qur'ani na wazee wa Bwami katika Kiswahili cha Kongo ni hazina ya historia ambayo sehemu kubwa yake haijaandikwa. Hatuna budi kuikusanya pamoja na sauti za wasikilizaji, yaani maswali waliyouliza na majibu waliyojipatia. Tukikusanya hadithi pekee tutakuwa tumefanya kama makumbusho yale ya Ulaya: tumehifadhi sanamu, tumeiacha methali msituni.